Ukurasa wa Kumi na Nane

Daftari langu la madeni lina jalada la twiga,
kona zake zimelowa mafuta ya taa,
na hakuna jina kijijini ambalo halijawahi kulala humo
chali, likisubiri mavuno.

Ukurasa wa kumi na nane ni wa Ntakije.
Sukari robo. Sabuni kipande. Panadoli mbili.
Msumeno alikopa kwingine,
mimi nilimkopesha tupa ya kuunolea.
Miaka ile aliingia Masito usiku
akatoka na mkurungu begani, mwekundu kama nyama,
na lori la watu wa mbali likamlipa.
Mti wa miaka themanini.
Migebuka mitatu, mmoja mdogo.
Nilipiga hesabu, nikanyamaza:
duka halina dini.

Kijiji kilipotangaza nafasi za walinzi wa msitu,
wanane, wawe wanazijua njia,
mkutano mzima ulicheka.
Njia za Masito nani anazijua
kumshinda mwizi wake?
Wakamchukua. Wakamchukua na Nyanzobe,
mjane, muuza kuni, watoto wanne,
ambaye buti za kwanza maishani mwake
alilala nazo usiku mzima
eti zizoee mguu.

Mwisho wa mwezi posho iliingia kwenye simu.
Ntakije akasimama mbele ya kaunta, hakuomba kitu.
"Fungua kumi na nane," alisema.
Kalamu ilikuwa imekauka.
Niliilamba ncha mara mbili
ndipo ikakubali kuchora mstari.

Tangu siku hiyo najua mambo
ambayo afisa wa wilaya haji kuyauliza.
Najua Nyanzobe ananunua pedi za binti yake
kwa sauti ya kawaida, kama anayenunua kiberiti.
Najua madaftari ya shule yananiishia Januari,
na jirani yangu mpika gongo
siku hizi ananisalimia kwa shavu moja.
Najua kisima cha bondeni kilifika Septemba
bado kina maji ya kuinama na kuchota.

Najua pia kuhusu Bibi Mwanvua,
ambaye mlango wake ulikuwa unabishwa na mbuzi tu.
Sasa kila Jumatano vijana wa doria wanampelekea jani,
wanawasha simu, inarekodi.
Anatafuna, anatema, anataja jina kwa Kitongwe,
anataja na ugonjwa,
kisha anadai tumbaku kabla ya jani la pili.
Tumbaku hiyo iko ukurasa wa thelathini.
Inalipwa na ofisi ya kijiji.

Msidhani nasifia tu.
Walimkamata kaka yangu Ruhaga na magunia sita ya mkaa,
na mkaa huo, niseme ukweli, ningeuuza mimi.
Kesho yake asubuhi Ntakije alikuja kununua sukari.
Nilipima robo.
Nikachomoa punje kwa ukucha, moja moja,
mpaka mizani ikasimama sawa kama askari.
Hakusema neno. Alijua.
Faini ya Ruhaga ilinunua mabati ya zahanati;
la tatu kutoka mlangoni ni lake,
na mvua ikinyesha namsikia kaka yangu
akigombana na mbingu
juu ya vichwa vya akina mama wanaojifungua.
Mkewe alijifungulia hapo. Mtoto wa kiume, kilo tatu.

Sasa posho imechelewa mwezi wa pili.
Wanasema fedha zimekwama mahali,
mahali huko hakuna anayeweza kukuonyesha kwa kidole.
Lakini alfajiri nikifagia mlango
nawaona wanane wakipita kwa mstari,
chupa za maji, panga moja, simu ya kijiji,
Nyanzobe mbele.

Jana Ntakije alirudi ukurasa wa kumi na nane.
Betri mbili. Chumvi ya Uvinza. Mchele nusu.
Alisimama akitazama mkono wangu unavyoandika,
uso umemshuka.
Nikamgeuzia daftari aone.
Wengine nawaandika kwa wino.
Yeye nimemwandika kwa penseli,
na kifutio kiko hapa, kando ya mizani.